Mteja akisema "nataka throto", muulize kodi kwanza

Leo naongea zaidi na sisi tunaouza spea za gari mtandaoni, hasa za mtumba. Ila hata kama unauza bodi za tivi au moto za mashine ya kusaga, unaweza kupata kitu hapa, maana tatizo letu ni moja: mteja anaagiza kitu kwa sababu fundi wake amehisi. Fundi akikosea, hasira zinakuja kwako wewe uliyepokea hela.

Nianze na yaliyonikuta. Jamaa mmoja wa Morogoro, dereva wa taxi ya mtandao, gari ya mkataba, alinipigia saa moja asubuhi. "Dogo, una throto ya Vitz ya 2007? Gari haina nguvu, inatambaa tu, taa ya chek injini imewaka. Fundi kasema throto." Mimi stoo ninayo, nimeinunua 105,000. Nikamwambia 140,000, akatuma hapo hapo, saa tano mzigo uko kwenye basi. Nikajiona mjanja kweli siku ile.

Jioni wakaifunga. Fundi akachukua 30,000 yake. Taa ikawaka tena kabla hawajafika barabara kubwa. Kesho yake akaanza kunipigia, kesho kutwa akawa hanipigii tena, anatuma voisi. Siku tatu gari imelala na hesabu ya bosi wake inamsubiri. Siku ya nne nikaona picha ya meseji zetu kwenye grupu la madereva, juu ameandika "huyu anauza vimeo". Nikarudisha 140,000 yote. Throto ikarudi kwa basi nauli juu yangu 8,000, sehemu ya kubania soketi imevunjika, nikaja kuiuza 80,000. Hasara ya hela ni 33,000. Hasara ya ile picha mpaka leo sijui niipigie hesabu vipi.

Baadaye sana ndiyo nikamuomba anitumie picha ya kile mashine ilichosoma siku ya kwanza kabisa. Ilikuwa P2138. Kodi hiyo haihusu throto. Inahusu pedeli ya mafuta, pale anapokanyaga yeye kwa mguu. Picha ilikuwepo kwenye simu ya fundi muda wote, na mimi sikuuliza.

Sasa tuelewane kwanza tunauza nini. Throto, au throto bodi, ni lile bomba la alumini lililokaa kati ya mpira wa hewa unaotoka kwenye ea klina na manifoldi ya injini. Ndani lina sahani ya duara, mafundi wengi wanaiita kipepeo. Kipepeo kikifunguka hewa inaingia nyingi, kontroli boksi inaongeza mafuta, gari inaenda. Kikifunga, gari inarudi sailensa. Watu wanasema "kanyaga mafuta" lakini ukweli ukikanyaga unafungulia hewa.

Zipo za aina mbili na hapa wauzaji wengi tunaumia. Za zamani zinavutwa na waya kutoka kwenye pedeli. Hizo zina kisensa kimoja pembeni cha kuonyesha kipepeo kimefunguka kiasi gani, kwa kawaida nyaya tatu. Za kisasa hazina waya wa kuvuta kabisa. Pedeli ina sensa zake, inapeleka taarifa kontroli boksi, kontroli boksi inaamrisha mota ndogo iliyo kwenye throto izungushe kipepeo. Kwa Toyota nyingi soketi ya throto hiyo ina nyaya sita: mbili za mota, moja ya umeme wa volti 5, moja ya ethi ya sensa, na mbili za kurudisha taarifa. Mtu akikwambia "nataka throto ya 1NZ" hajakwambia kitu bado, maana injini ya 1NZ-FE imetoka na throto ya waya na imetoka na ya umeme vilevile. Omba picha ya soketi. Sio picha ya gari ikiwa inang'aa, ya soketi.

Kwa nini taarifa zinarudi kwa nyaya mbili? Kwa usalama. Kipepeo kikigoma kikiwa wazi, gari inaweza kuondoka na watu. Kwa hiyo ndani kuna sensa mbili zinazopima kitu kilekile na kontroli boksi inazilinganisha kila wakati. Mojawapo ikisema tofauti na mwenzake, kontroli boksi haisubiri kujua nani muongo. Inakata umeme wa mota, springi inarudisha kipepeo kwenye uwazi mdogo, kwenye Toyota ni kama digrii 6, na gari inabaki na nguvu ya kujikokota tu mpaka ifike pembeni. Pedeli nayo ina sensa mbili kwa sababu hiyohiyo, na zikipishana gari inaweza kukosa nguvu vilevile. Ndiyo ile "inatambaa, haina nguvu" ya jamaa wa Morogoro. Dalili ni moja, chanzo ni viwili tofauti, na kwa macho huwezi kutofautisha. Kodi ndiyo inatofautisha.

Kodi zenyewe (siyo ya TRA, tusiogope) zina herufi na namba nne. P maana yake ni upande wa injini na gia. Ukishika hizi chache utajibu wateja wengi:

P0120 mpaka P0123 ni sensa ya kwanza ya throto. Ya mwisho 2 ni volti iko chini sana, ya mwisho 3 volti iko juu sana, ya mwisho 1 inasoma vitu visivyoendana na hali ya gari.

P0220, P0222, P0223 ni ndugu zao, sensa ya pili.

P2135 ni sensa mbili za throto hazikubaliani.

P2138 ni sensa mbili za pedeli hazikubaliani. P2122, P2123, P2127 na P2128 nazo ni za pedeli.

P2111 kipepeo kimekwama wazi, P2112 kimekwama kimefunga, P2119 kipepeo hakifuati kile kilichoamrishwa.

P2118 kwa Toyota ni umeme wa mota ya throto. Hapo kabla ya kitu chochote mwambie aangalie fyuzi iliyoandikwa ETCS. Fyuzi ni buku tu, throto ni laki na zaidi.

P0505, P0506, P0507 ni sailensa. 06 iko chini, 07 iko juu.

Angalia P2135 na P2138. Zinatofautiana tarakimu moja. Mtu akikutajia kwenye simu huku boda zinapita nyuma yake, utasikia unachotaka kusikia, na sisi wauzaji tunataka kusikia ile tuliyonayo stoo. Kwa hiyo mimi sipokei kodi kwa mdomo tena. Picha ya kioo cha mashine, basi.

Kama mteja hajapima kabisa, usikisie. Fundi umeme wa gari wengi wana mashine. Kuna na vile vidude vidogo vya ELM327 vya Bluetooth, unachomeka kwenye tundu chini ya usukani, simu inasoma kwa programu kama Torque. Mimi ninacho, bei yake haiumi, na gari zilizo karibu na duka napima mwenyewe. Ila jua kwamba baadhi ya gari za Japani za zamani hazielewani na kidude hicho, hapo hakuna namna, ni mashine ya fundi.

Halafu kitu ambacho kilinichukua muda kuelewa, na hakuna aliyenifundisha, nimejifunza kwa kula hasara: kodi haisemi "badilisha throto". Kodi inasema "kwenye njia hii naona kitu hakieleweki". Njia ina sensa, ina soketi, ina nyaya, ina kontroli boksi. Throto ni kituo kimoja tu njiani. Volti iko chini sana inaweza kuwa sensa imekufa, inaweza kuwa waya umekatika ndani ya ganda lake, inaweza kuwa pini ya soketi imeingia kutu.

Kwa hiyo mteja akituma picha na kodi ni kweli ya throto, bado siuzi. Namwambia afanye haya na fundi wake kwanza, ni kama nusu saa.

Afute kodi, awashe gari, aone inarudi lini. Ikirudi hapo hapo hata kabla hajakanyaga, tatizo ni la kudumu. Ikirudi baada ya kupita kwenye matuta, mimi nafikiria nyaya na soketi kwanza. Ikirudi gari ikishapata moto sana, inaweza kuwa sensa yenyewe au sehemu ya waya inayotanuka kwa joto.

Achomoe soketi ya throto akiwa amezima gari, aangalie ndani. Kijani kijani au weupe kwenye pini ni kutu. Hapa kwetu hii ni nyingi kwa sababu ya tabia ya kuosha injini kwa presha. Dada mmoja wa Mwanza alikuja na P2135, anataka throto haraka, hela iko mkononi. Nikamuuliza gari imeoshwa lini. Jana yake, injini pia. Fundi akachomoa soketi, akapuliza, akapiga ile spreyi ya kusafishia viunganishi vya umeme, akaacha ikauke vizuri, akarudisha. Kodi ikafutwa na haijarudi. Siku hiyo sikuuza kitu na stoo nilikuwa na kodi ya fremu inanisubiri, hiyo sasa ndiyo kodi yenyewe. Roho iliniuma, sidanganyi. Mwezi uliofuata kanunua pedi za breki seti nne, yeye na wenzake kazini.

Kingine, gari ikiwa imewashwa, fundi atikise taratibu nyaya zinazoenda kwenye throto huku mwingine anaangalia namba kwenye mashine. Zikiruka au injini ikishtuka, waya umeshaonekana. Panya pia wanapenda nyaya hizi, usicheke.

Akiwa na mita, funguo iwe on bila kuwasha injini, apime kwenye soketi iliyochomolewa upande wa gari: kati ya waya wa umeme wa sensa na ethi yake itoke kama volti 5. Ikikosekana, hata umletee throto mpya ya Japani imefungwa kwenye karatasi, haitafanya kazi, shida iko huko nyuma. Ikiwepo, arudishe soketi, aangalie kwenye mashine asilimia ya kufunguka huku mwingine anakanyaga pedeli polepole. Namba zipande kama mtu anayepanda ngazi, bila kuruka wala kurudi. Usishangae kuona 15 wakati mguu haupo kwenye pedeli, gari nyingi hazianzi na sifuri. Kinachotafutwa ni kuruka. Ikiruka na nyaya ni nzima na volti 5 ipo, hapo sasa sensa ya throto ina kesi ya kujibu.

Na kwenye P2111, P2119 au zile za sailensa, kabla ya kununua, afungue mpira wa hewa atazame masizi. Kipepeo kikiwa na ukoko mweusi pembeni kinanata, mota inapata tabu kukisogeza, na hewa ya sailensa inapungua. Kusafisha kunatosha mara nyingi. Kitambaa, brashi laini, na kopo la kusafishia throto. Makosa ninayoyaona: kumwagia dawa mpaka inaingia kwenye mota na sensa, na kulazimisha kipepeo kwa kidole funguo ikiwa on. Ndani kuna gia za plastiki, zinakatika. Na mota ikiamua kufunga kidole kiko ndani, fundi atakumbuka siku hiyo. Betri ichomolewe kwanza.

Sasa hapa ndipo wauzaji tunapigiwa kelele bure. Baada ya kusafisha au kufunga throto nyingine, sailensa inaweza kupanda juu sana, hata P0507 ikaja. Mteja anakwambia "umeniuzia kimeo". Siyo kimeo. Kontroli boksi ilikuwa imezoea throto chafu, ikajifunza kufungua zaidi ili kufidia. Masizi yametoka, yenyewe bado inafungua kama zamani. Inabidi ijifunze upya. Kwa Toyota nyingi kuchomoa betri kwa muda kisha kuiacha injini isailensi mpaka ipate moto inasaidia. Nissan ni wasumbufu kidogo, wana utaratibu wao maalumu wa kufundisha kipepeo na sailensa, bora afanye fundi mwenye mashine. Haya mwambie mteja KABLA hajafunga. Ukimwambia baada ya yeye kulalamika inaonekana unajitetea.

Meseji yangu mimi nimeihifadhi kwenye WhatsApp, mteja wa throto akija namtumia kama ilivyo. Chukua kama inakufaa:

"Karibu bosi. Kabla hujalipia naomba vitu vinne. Moja, picha ya kodi kwenye mashine, kodi zote hata za zamani. Mbili, picha ya soketi ya throto yako ikiwa imechomolewa, pini zionekane. Tatu, picha ya throto yako upande wa mdomo na upande wa boliti. Nne, gari ilianza lini na kabla ya hapo ilifanyiwa nini, iliooshwa injini, ilichomelewa, ilibadilishwa betri?"

La kuchomelea na betri naliuliza makusudi. Betri iliyochoka inashusha volti wakati wa kuwasha gari, na kodi za ajabu zinaweza kutokea. Kwenye picha ya tatu nalinganisha matundu ya boliti na upana wa mdomo na ile niliyonayo, maana mbili zinaweza kufanana kwa mbali halafu boliti zikakataa.

Kuna watakaokwambia "mbona maswali mengi, unauza huuzi?" Wapo, na wengine wataenda kwa muuzaji mwingine. Mimi nimekubali. Siku hizi kwenye tangazo naandika wazi: throto narudisha hela ndani ya siku tatu kama ni mbovu na picha ya kodi ulinitumia kabla ya kununua. Hukutuma picha, hakuna kurudisha, nabadilisha tu kama nina nyingine. Kabla sijafunga mzigo napiga video fupi, namba iliyogongwa kwenye throto inaonekana, pini zinaonekana, nachora alama yangu kwa peni ya rangi sehemu isiyosumbua. Ikirudi isiyo na alama, tunajua tumeongea nini. Hili lilinisaidia mara moja, nilirudishiwa throto ambayo haijawahi kuwa yangu.

Bei nazo ziangalie. Ukiuza throto ambayo haikuhitajika, faida yako ni elfu thelathini na tano kama mimi, halafu ikirudi unalipa nauli, unapoteza siku, na bidhaa inashuka thamani kwa kuwa imeshafungwa na kufunguliwa. Ukimwambia mtu "nenda kasafishe kwanza", hujapata kitu leo, lakini hujatoa kitu pia.

Yule wa Morogoro nilimpigia mwenyewe baada ya kuona ile picha ya P2138. Hakupokea mara mbili. Ya tatu akapokea, nikamwambia kaka, ni pedeli, siyo throto, mwambie fundi apime soketi ya pedeli na nyaya zake kwanza, vikiwa vizima ndiyo mtafute pedeli yenye sensa zake. Mimi sikuwa nayo. Nikamtafutia namba ya jamaa mwenye duka hukohuko Morogoro, akaipata siku ileile mchana, jioni gari ikarudi barabarani. Ile picha kwenye grupu hakuifuta. Ila chini yake aliandika, "hela amerudisha, na tatizo amelipata yeye."